Hallaniyah: Kisiwa cha Oman kilichohifadhi habari za Kilwa na Rufiji chini ya maji

Ansab ni kitongoji cha wilaya ya Bawshar, mjini Muscat, na hakina pwani. Watu wa mbali hukijua zaidi kwa mabwawa yake ya maji yaliyosafishwa, ambako ndege wahamao hutua wakati wa baridi. Hata hivyo, mkaazi wa Ansab hana haja ya kupiga mbizi ili aione sakafu ya bahari. Vilima vya mawe meusi na ya kahawia vinavyoizunguka Muscat ndivyo sakafu yenyewe. Ni miamba iliyozaliwa na moto wa volkano chini ya bahari, yapata miaka milioni 95 iliyopita, kisha ikasukumwa polepole hadi ikaegemea juu ya bara la Arabuni. Wanajiolojia husafiri kutoka pande zote za dunia kuja kuitazama, kwa kuwa ni mahali pachache mno ambapo mtu aweza kutembea kwa miguu, akiwa na viatu vikavu, juu ya gamba la bahari kuu. Shaba iliyochimbwa katika miamba hiyo ndiyo iliyolipatia umaarufu eneo hilo, lililoitwa Magan katika maandishi ya Mesopotamia, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Bahari yenyewe iko upande wa kaskazini wa kitongoji hicho, mwendo mfupi kwa gari. Mbele ya ufukwe wa Qurum kuna kisiwa kidogo cha Fahal. Upande wa magharibi kuna visiwa tisa vya Daymaniyat, vilivyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1996, ambako kasa aina ya ng'amba hupanda kutaga mayai. Upande wa mashariki, karibu na Bandar Khayran, serikali iliizamisha kwa makusudi meli kuukuu ya jeshi la majini, Al Munassir, mwaka 2003, ili matumbawe na samaki wapate makao. Huko kote wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa huenda kwa starehe, na starehe hiyo si haba.

Lakini kwa msikilizaji anayezungumza Kiswahili, awe Muscat, Mombasa au Toronto, kisiwa cha Oman chenye habari nzito zaidi chini ya maji kiko mbali na hapo. Jina lake ni Al Hallaniyah, katika mkoa wa Dhofar, kwenye bahari ya Arabuni. Ndicho kisiwa kikubwa katika kundi la visiwa vitano ambavyo ramani za zamani ziliviita Kuria Muria, na ndicho pekee chenye watu. Si kilele cha volkano. Mawe yake mengi ni matale, yaani uji wa moto ulioganda chini kabisa ya ardhi katika zama za kale sana, ukafichuliwa na upepo na mawimbi. Katika maji yanayokizunguka zimelala meli za vipindi viwili tofauti, zikiwa zimeachana kwa zaidi ya miaka 400. Habari za zile za mwanzo hazielezeki bila ya kuitaja Kilwa. Habari za ile ya pili zinaishia katika mikoko ya Rufiji.

Dhahabu ya Kilwa

Mwezi Februari mwaka 1502 Vasco da Gama aliondoka Lisbon kwa mara ya pili kuelekea Bahari ya Hindi. Safari yake ya kwanza, ile iliyomfikisha Mombasa na Malindi mwaka 1498, ilikuwa ya kutafuta njia. Hii ya pili ilikuwa ya vita. Merikebu zilizotumwa mwaka huo, pamoja na zile zilizomfuata nyuma, zilifika 20, nazo zilisheheni mizinga ambayo pwani hizi hazijapata kuiona kwa wingi kiasi hicho.

Ndani ya msafara huo kulikuwa na kikosi cha merikebu tano kilichowekwa chini ya Vicente Sodré, mjomba wake Vasco da Gama, ndugu wa mama yake. Mdogo wake Vicente, aitwaye Brás, alikuwa nahodha wa mojawapo. Kikosi hicho hakikukusudiwa kurudi Ureno na wengine. Kilitakiwa kibaki katika Bahari ya Hindi, kuwalinda mawakala wa Kireno waliokuwa India na kuzizuia meli za wafanyabiashara Waislamu zisipeleke pilipili manga katika Bahari ya Shamu.

Mwezi Julai mwaka 1502 msafara ulitia nanga Kilwa. Mtawala wa mji, Amir Ibrahim, alitishiwa kwamba mji utapigwa mizinga asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno. Alikubali kulipa kodi ya mithqali 1,500 za dhahabu. Dhahabu hiyo ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kufika Kilwa: ilitoka bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ikateremshwa hadi Sofala, ikapandishwa kwa jahazi kuja kaskazini. Ilipofika Lisbon, mfalme Manuel aliamuru itengenezwe chombo cha ibada ya Kikatoliki. Chombo hicho kilikamilika mwaka 1506 na kinajulikana kwa jina la Custódia de Belém. Kimo hadi leo katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon, na Wareno wanakihesabu miongoni mwa hazina zao kubwa. Mgeni anayekitazama anatazama dhahabu ya Kilwa.

Kutoka Kilwa msafara ulivuka kwenda India. Njiani, katika pwani ya Malabar, Vasco da Gama aliikamata meli iliyokuwa ikirudi kutoka Makka ikiwa na mamia ya mahujaji, wakiwemo wanawake na watoto. Aliichukua mali yao, kisha akaamuru meli itiwe moto na watu wake ndani. Habari hizo hazikuandikwa na mahasimu wa Wareno peke yao. Ziliandikwa na Mreno aliyekuwamo katika msafara, na aliyeyaona kwa macho yake.

Wavuvi waliosema na wasiosikilizwa

Mapema mwaka 1503 Vasco da Gama alishika njia ya kurudi kwao na kuwaacha ndugu wawili wa Sodré walinde miji ya Cochin na Cannanore. Hawakuilinda. Waliona kwamba kuna faida kubwa na ya haraka zaidi katika uharamia, wakaziongoza merikebu zao hadi mlango wa Ghuba ya Aden. Huko waliziteka meli tano zilizobeba pilipili, karafuu, sukari, mchele na nguo, wakawaua waliokuwamo na kuzichoma meli. Nyuma yao, mtawala wa Calicut aliishambulia Cochin, sawasawa na jinsi ilivyohofiwa.

Mwezi Aprili walifika Al Hallaniyah. Walitaka kuifanyia matengenezo merikebu moja iliyokuwa ikivuja, na walitaka mahali pa kujikinga na upepo wa kusi. Wakatia nanga katika ghuba iliyo upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa. Wenyeji, wavuvi wa Kiarabu, waliwapokea bila ya ugomvi, wakabadilishana nao vyakula na bidhaa kwa muda wa wiki kadhaa. Kwa watu waliotoka kuchoma meli, hiyo ilikuwa bahati ambayo hawakuistahiki.

Kila anayeijua pwani ya Afrika Mashariki anaufahamu wakati huo wa mwaka. Ni maleleji, kipindi ambacho kaskazi imekwisha kufa na kusi haijashika barabara, na bahari haina msimamo. Katika bahari ya Arabuni, Mei ni mwezi wa vimbunga. Mwaka 2018, kimbunga kilichopewa jina la Mekunu kiliipiga Salalah mwezi huo huo na kuigeuza mito mikavu kuwa mafuriko.

Mwezi Mei mwaka 1503 wavuvi wa Hallaniyah waliziona dalili. Waliwaendea Wareno wakawaambia kwamba upepo mkali utakuja kutoka kaskazini, kwamba ghuba ile iko wazi kwa upepo huo, na kwamba inafaa merikebu zihamishiwe upande wa pili wa kisiwa. Kwa mujibu wa waandishi wa Kireno wa karne ile, jibu walilopewa ni kwamba nanga za Waarabu ni za miti, na za Wareno ni za chuma. Merikebu tatu ndogo zilihamishwa. Zile mbili za ndugu wa Sodré, Esmeralda na São Pedro, zilibaki pale pale.

Upepo ulikuja kama ulivyosemwa. Kamba za nanga zilikatika. São Pedro ilisukumwa hadi kandokando ya ufukwe, mlingoti wake ukaanguka, na wengi wa mabaharia wakateremka juu ya mlingoti na kamba hadi nchi kavu. Esmeralda ilivunjika mahali penye kina zaidi. Vicente Sodré alizama nayo pamoja na watu wote waliokuwamo. Mdogo wake Brás alinusurika siku hiyo, lakini naye alifariki muda mfupi baadaye, kwa sababu ambayo haikuelezwa.

Habari hizi zilimfikia mfalme Manuel kwa barua ya Pêro de Ataíde, nahodha aliyezichukua merikebu zilizosalia na kuzirudisha India. Ataíde mwenyewe alikuja kuvunjikiwa na chombo karibu na Msumbiji alipokuwa akirejea Ureno. Aliiandika barua hiyo huko Msumbiji mwezi Februari mwaka 1504, na hakuishi kuiona Lisbon.

Katika barua hiyo na katika vitabu vya waandishi waliofuata, kila nahodha wa Kireno ana jina na ukoo. Wavuvi waliotoa onyo hawana. Yule aliyeitazama bahari na kusema upepo unakuja anatajwa kama mmoja wa Waarabu wa pale, basi. Hata hivyo ni jambo la kuzingatiwa kwamba Wareno wenyewe ndio waliokiri kwa maandishi kuwa wenyeji walisema kweli. Historia ya pwani hizi, katika karne ya 16, imeandikwa kwa sehemu kubwa na kalamu za wageni waliokuja na mizinga, na ni nadra kalamu hizo kukubali kwamba kuna aliyekuwa akijua zaidi.

Wapiga mbizi wa mwaka 1998

Karibu miaka 500 ilipita. Mwaka 1998, wakati Ureno ikiadhimisha safari ya kwanza ya Vasco da Gama, David Mearns, mzaliwa wa Marekani ambaye kazi yake ni kutafuta meli zilizozama, alituma watu Al Hallaniyah. Mearns alikuja kujulikana zaidi mwaka 2001 kwa kuipata manowari ya Uingereza, HMS Hood, katika vilindi vya bahari ya Atlantiki. Huko Oman hakuhitaji vilindi. Alikuwa ameisoma barua ya Ataíde na vitabu vya kale, akaulinganisha mwelekeo wa upepo na umbo la kisiwa, akaona kwamba ni ghuba moja tu inayokubaliana na habari hizo. Haukupita muda mrefu wapiga mbizi wakaona, katika maji yasiyo na kina kirefu, mawe ya mviringo yaliyochongwa kwa mkono. Yalikuwa risasi za mizinga.

Uchimbaji haukuanza mara moja. Serikali ya Oman, kupitia Wizara ya Urithi na Utamaduni ya wakati huo, iliichukua kazi hiyo kuwa yake, na shughuli yenyewe ilifanyika mwaka 2013, 2014 na 2015, kwa ushirikiano na kampuni ya Mearns na Chuo Kikuu cha Bournemouth cha Uingereza. Matokeo yalitangazwa mwezi Machi mwaka 2016. Vitu zaidi ya 2,800 vilikuwa vimeinuliwa.

Mbao za merikebu hazikubaki. Ghuba ile iko wazi, na karne tano za mawimbi zimesaga kila kilichoweza kusagika. Kilichosalia ni kile kizito kilichodumbukia katika nyufa za mwamba na kufunikwa na mchanga, kwa hiyo kazi ya wapiga mbizi ilikuwa ni kuufuata ufa mmoja baada ya mwingine wakiwa na vyombo vya kutambua madini, huku wakisukumwa mbele na nyuma na mkondo.

Miongoni mwa vilivyopatikana ni kengele ya merikebu. Ilikuwa imepasuka na kufunikwa na gamba gumu, hata maandishi yake yasisomeke kwa macho. Ilipopigwa picha za kompyuta zinazopenya ndani ya madini, ilionekana herufi M na tarakimu zinazoaminika kuwa mwaka 1498. Kitabu cha rekodi cha Guinness kimeikubali kuwa kengele kongwe kuliko zote za meli zilizopata kugunduliwa.

Kitu kingine kilikuwa kibati cha mviringo chenye upana wa sentimita 17.5 na unene usiofika milimita mbili, kilichofukuliwa mwaka 2014 chini ya mchanga. Upande mmoja kina nembo ya ufalme wa Ureno na alama ya tufe ambayo mfalme Manuel aliifanya kuwa yake. Wataalamu walikisia kuwa ni astrolabi, chombo ambacho mabaharia walikitumia kupima kimo cha jua ili wajue wako umbali gani kutoka ikweta. Hata hivyo hakikuwa na mistari ya vipimo iliyoonekana. Chuo Kikuu cha Warwick kilikichunguza kwa miali ya leza, na hapo ikadhihirika mistari iliyochorwa kwa mpangilio, kila mmoja ukiwa nyuzi tano kutoka kwa mwenziwe. Inakadiriwa kwamba kilitengenezwa baina ya mwaka 1496 na 1501. Hakuna astrolabi ya baharini ya zamani zaidi iliyopata kujulikana.

Pamoja na hivyo kulikuwa na sarafu 12 za dhahabu za Ureno, na sarafu moja ya fedha iitwayo índio, aina iliyopigwa mwaka 1499 kwa ajili ya biashara ya India. Kabla ya hapo ilikuwapo moja tu duniani, huko Brazil, na wengine walishaanza kutia shaka kama zilipata kuwepo. Baadhi ya risasi za mawe zilichorwa herufi V na S, ambazo huenda zikawa za Vicente Sodré.

Ni lazima isemwe kwamba hapana kitu hata kimoja kilichoandikwa jina Esmeralda. Wataalamu wameitambua merikebu hiyo kwa kuunganisha ushahidi: mahali, umri wa sarafu, kengele, nembo na maandishi ya Ataíde. Huo ndio ushahidi wa akiolojia, na hapa umefungamana vizuri kuliko katika mabaki mengi ya meli.

Jambo ambalo si la kupita haraka ni kwamba vitu hivyo havikuuzwa. Vilikwenda Muscat kusafishwa na kuhifadhiwa, na Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 mjini humo, yako umbali ambao familia ya Ansab aweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sehemu nyingine za bahari hiyo hiyo hazikupata bahati kama hiyo. Huko Msumbiji, kampuni binafsi iliruhusiwa kuchimbua meli zilizozama karibu na kisiwa cha Msumbiji, na mwaka 2004 vyombo vya kauri vya Kichina vilivyotolewa humo vikanadiwa mjini Amsterdam. Kwa upande mwingine kuna mfano mzuri wa Mombasa. Kati ya mwaka 1977 na 1980, wapiga mbizi wanaakiolojia waliichimbua meli ya Kireno Santo António de Tanná chini ya kuta za Ngome ya Yesu. Meli hiyo ilizama mwaka 1697, ilipokuja kuisaidia ngome iliyokuwa imezingirwa na majeshi ya Oman, na vitu vyake vimebaki katika makumbusho ya ngome hiyo hiyo.

Zawadi ya Sultani

Baada ya Wareno, kisiwa kilirudi katika ukimya wa wavuvi. Kilitajwa tena katika hati za dola mwaka 1854, na aliyekitaja alikuwa mtawala ambaye makao yake yalikuwa Unguja. Sayyid Said bin Sultan aliwapa Waingereza visiwa vyote vitano kuwa zawadi kwa Malkia Victoria, bila ya kupokea malipo. Waingereza hawakuvitaka kwa uzuri wake. Walitaka kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana juu ya mawe, ambacho wakati huo kilikuwa mbolea yenye bei kubwa huko Ulaya. Kilichotwa kwa miaka michache, kikaisha. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akiwa safarini kurudi Unguja, na visiwa vikaendelea kuhesabiwa kuwa vya Uingereza hadi tarehe 30 Novemba mwaka 1967, siku ambayo Uingereza ilikuwa ikiondoka Aden. Serikali mpya ya Yemen Kusini ilividai. Vilirudishwa Oman.

Meli ya chai

Meli ya pili ilifika wakati visiwa vingali vya Uingereza. Tarehe 31 Julai mwaka 1914, manowari ya Ujerumani iitwayo Königsberg iliondoka bandari ya Dar es Salaam chini ya nahodha Max Looff. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa siku chache tu mbele. Tarehe 6 Agosti, siku mbili baada ya Uingereza kuingia vitani, manowari hiyo ilikutana na City of Winchester mashariki ya Aden. Ilikuwa meli ya mizigo ya Uingereza, iliyokuwa ikipeleka London chai ya msimu mpya kutoka India na Ceylon. Wakaikamata bila ya mapigano. Ndiyo meli ya kwanza ya biashara ambayo Uingereza iliipoteza katika vita hivyo.

Wajerumani hawakuwa na shida ya chai. Walikuwa na njaa ya makaa ya mawe. Waliipeleka City of Winchester hadi visiwa vya Hallaniyah, mahali palipojificha, wakahamisha makaa yake, kisha wakaizamisha hapo hapo.

Kilichofuata kinajulikana zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba mwaka 1914, Königsberg iliishambulia manowari ya Uingereza, HMS Pegasus, iliyokuwa bandarini Unguja ikifanyiwa matengenezo. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na baadhi yao walizikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Baada ya hapo manowari ya Wajerumani iliingia mto Rufiji, ikajificha katika mikoko kwa miezi mingi, hadi ilipopigwa na kuangamizwa mwezi Julai mwaka 1915. Mizinga yake kumi iliokolewa, ikavutwa nchi kavu, na ikatumiwa na majeshi ya Jenerali von Lettow-Vorbeck katika vita vilivyogharimu maisha ya wapagazi wasio na idadi kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Kongo. Majina ya wapagazi hao, kama ya wavuvi wa mwaka 1503, kwa sehemu kubwa hayakuandikwa.

City of Winchester bado iko chini ya maji ya Hallaniyah. Tofauti na merikebu ya Sodré, hii ilikuwa ya chuma, na wapiga mbizi wa starehe wanaofika huko kwa boti huweza kuizungukia, ingawa imeporomoka. Samaki aina ya chewa wamejenga ndani yake.

Maji baridi ya kusi

Hallaniyah haitembelewi na wengi. Sababu moja ni umbali: kutoka Muscat hadi Salalah pekee ni takriban kilomita 1,000 kwa barabara, na kutoka pwani ya Dhofar hadi kisiwani ni safari nyingine ya baharini. Sababu kubwa zaidi ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi, ambayo watu wa Dhofar huita kharif, huisukuma bahari kwa nguvu, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Hapo hutokea jambo la ajabu kwa nchi ya joto. Misitu ya mwani mkubwa huota juu ya miamba, katika maji yale yale yenye matumbawe, kisha hunyauka upepo unapotulia. Rutuba hiyo ndiyo inayowalisha samaki wa pwani nzima, na ndiyo inayowaweka katika bahari ya Arabuni nyangumi wenye nundu ambao, tofauti na wenzao wa bahari nyingine, hawahami. Wanakadiriwa kuwa chini ya mia moja.

Wakaazi wa kisiwa na wa pwani ya mbele yake, kuanzia Hasik hadi Mirbat, walikuwa wapiga mbizi kabla ya mitungi ya hewa kuvumbuliwa. Wanatafuta sufailah, konokono wa baharini mwenye gamba linalong'aa, ambaye nyama yake hukaushwa na kuuzwa kwa bei ya juu hadi masoko ya mashariki ya Asia. Hushuka kwa pumzi zao, wakiwa na kisu cha kumbandua konokono mwambani. Idadi yake imepungua kwa kuvuliwa mno, kiasi kwamba serikali huufungua msimu kwa siku chache tu kwa mwaka, na mwaka mwingine huufunga kabisa.

Wataalamu wa mwaka 2013 hadi 2015 nao walilazimika kuifuata ratiba ya upepo, wakizama kabla ya kusi haijaanza. Mwezi Juni ukikaribia, boti ziliondolewa katika ghuba, na mchanga ukarudi katika nyufa zilizokwisha kuchimbuliwa.